Albamu Yetu Haikatwi

Jumapili, 13 Oktoba

Nimenunua daftari hili kwa sababu mume wangu Špiro amesema masikio yake yamejaa. Basi nitaliambia daftari, ambalo halina pa kukimbilia.

Tumemaliza kurekodi. Siku tatu kanisani, milango imefungwa, mbwa wa kijiji wamefungwa, hata kengele padri wetu don Kuzma aliizuia. Wanawake wanane, nyimbo tisa, ala hakuna hata moja, maana klapa, kikundi cha uimbaji cha kwetu, ni koo tu. Miaka yote tumeimba kwenye harusi na maziko ya kisiwa hiki, na sasa eti tuna albamu. Mimi Tonka, mwenye saluni pekee ya kijiji, naimba sauti ya pili. Anayetuongoza ni Dobrila, mwalimu wa muziki wa shule ya msingi. Aliyeturekodi ni Roko, mtoto wa kaka yake Dobrila, anafanya kazi kwenye kampuni ya muziki huko mjini Split. Kijana ana adabu, ila kofia hakuivua mbele ya altare mpaka Jakica alipomvua.

Jakica ndiye mwenye sauti ya chini kabisa. Husimama mwisho wa nusu duara, kando yangu, na kabla ya kila mstari huvuta pumzi utadhani mtu anaburuta kabati. Anafuga mbuzi, ana ulimi mkali, na haombi radhi kwa lolote. Pumzi hiyo inanipita sikioni tangu ujana wangu na bado inanikera.

Nyimbo zetu zina mpango wake. Zinaanza asubuhi ya kuchuma zeituni, zinaisha kinu kikifungwa. Hatuna kinanda cha kutupa noti. Pale wimbo mmoja unapoishia, Dobrila huishika ile sauti ya mwisho na kuibeba, ndipo unaofuata unaanza. Ndivyo walivyofanya mama zetu mashambani, na hakuna aliyewaambia ni albamu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Zeituni. Mgongo umekufa. Saluni imefungwa, wateja wote wako juu ya ngazi.

Jumapili, 27 Oktoba

Roko ametuma wimbo mmoja kwenye simu. Nimeupiga saluni tangu jana na bado sijashiba. Tumekuwa wasichana. Sauti nyororo, kubwa, imejaa chumba mpaka chupa za shampuu zinatetemeka. Na kabati la Jakica halipo, limepotea kabisa, nikafurahi kama mtu ambaye jirani yake mbaya amehama. Mama mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele akasema, "Tonka, huyu si wewe." Nikamwambia ndiye mimi. Akasema basi hongera.

Dobrila alipita akasikiliza akiwa mlangoni. Aliona tu kwamba unaisha mapema. Roko amekata beti mbili. Anasema siku hizi ukivuka dakika tatu kidole cha msikilizaji kinaruka.

Jakica hajausikia. Simu yake ni ya vitufe, kazi yake kumpigia daktari wa mbuzi.

Jumanne, 5 Novemba

Mazoezi shuleni. Jakica alikohoa tena katikati ya wimbo wa tatu, nami nikamtupia jicho. Tulipomaliza akafunga koti lake na kusema, kwa sauti ya kutangaza bei ya samaki:

"Nina uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Watanipasua Split, katikati ya Januari."

"Halafu?" Dobrila akauliza.

"Halafu daktari anasema sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Nikamuuliza, kwani ni paka?"

Tukacheka, kisha hakuna aliyejua acheke mpaka wapi. Dobrila akasema ndiyo maana albamu ni jambo kubwa: liwalo na liwe, sauti ya Jakica imeshahifadhiwa.

"Wanaohifadhiwa ni dagaa," Jakica akamjibu.

Nimekuwa nikimkasirikia tangu kiangazi kwa kile kikohozi, nikidhani ni ubishi tu. Sasa naogopa. Juu ya sauti hiyo nimesimama tangu nikiwa na miaka ishirini na mitano, na sijui ikiondolewa nitaimba nimesimama wapi.

Jumapili, 10 Novemba

Jugo, upepo wa kusini. Kila mtu kichwa kinauma, feri haikuja, Špiro amegombana na redio.

Alhamisi, 14 Novemba

Albamu nzima imefika. Leo nina mengi ya kuandika.

Špiro ana spika mbili kubwa za mbao alizonunua enzi za ubaharia wake, na haruhusu mtu aweke hata chungu cha maua juu yake. Aliunganisha simu yangu kwa waya akitikisa kichwa, akatupanga wanawake wote wanane sebuleni, akatangaza sheria zake: anayesikiliza albamu anakaa chini, hafumi, hamenyi kitu, haongei mpaka iishe. Nimeishi na sheria hizo ndani ya ndoa hii na nimezihesabu ukorofi mtupu. Leo zilitufaa.

Ule wimbo uliokuwa mtamu saluni ukaanza. Kwenye zile spika ulikuwa kitu kingine. Kila sauti iko mbele, kila neno liko juu, hakuna aliye karibu wala mbali, kama umati wa watu wamekushika kola wanakueleza jambo moja. Kanisa halikuwepo. Tungeweza kuwa tumeimbia ndani ya ndoo. Wimbo wa pili ukaingia, na kumbe si wa pili, ni wa mwisho, ule wa kufunga kinu. Špiro akanyanyua nyusi lakini akatii sheria yake.

Katikati ya wimbo wa nne Jakica akainuka. Akaenda mpaka kwenye spika, akainama, akaweka sikio kwenye mbao.

"Mimi niko wapi?" akasema.

Špiro akaongeza sauti.

"Nawasikia nyinyi saba. Mimi niko wapi?"

Tukasikiliza tena, sasa kwa nia, na kweli hakuwepo. Alikuwepo kwa mbali sana, kama mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta. Dobrila, uso umemwiva, akampigia Roko, simu wazi ili wote tusikie.

"Shangazi, sauti za chini hazitoki kwenye simu," Roko akaeleza kwa upole. "Na watu wote wanasikilizia simu. Nikiiacha inakuwa mngurumo tu."

"Mngurumo," Jakica akarudia.

"Si wewe, shangazi Jakica. Nazungumzia sauti kitaalamu."

"Na pumzi zake ziko wapi?" nikauliza. Mimi niliyezichukia nilikuwa nazitafuta.

"Hizo nimesafisha zote. Pumzi ni kelele."

"Mwanangu," Jakica akasema, "mtu asiyepumua sisi huku tunamzika."

Špiro akashindwa kuvumilia. "Roko, nieleze mimi mjinga. Inakuwaje zeituni zikamuliwe kabla hazijachumwa?"

"Mjomba, hakuna anayesikiliza kwa mpangilio tena. Wimbo wenye nguvu unatangulia. Wengine watausikia huo mmoja tu."

"Hakuna, nani? Mimi nimekaa hapa."

Roko akasema anaelewa, lakini kampuni ndiyo imeamua, na simu ikaisha. Dobrila akasema tuimbe wenyewe wimbo wa kwanza, tupate kutulia. Tukaimba bila kuwasha kitu. Jakica akavuta pumzi, sote saba tukavuta naye, tukaingia pamoja. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo mtu mzima kama mimi alipaswa kuwa amelijua. Sisi hatuna mtu wa kutupungia mkono. Dobrila anachagua wimbo, lakini anayetufungulia mlango ni Jakica kwa lile kabati lake. Kule kwenye albamu nilisikia wanawake ambao hawajawahi kukutana.

Jumamosi, 16 Novemba

Kampuni inataka tutie saini. Bila saini zetu sote wanane hawawezi kuitoa. Wakati huohuo wametupatia nafasi kwenye televisheni, Split, siku ya Mtakatifu Lucia, tarehe 13 Desemba, tuutambulishe ule wimbo mmoja. Nikasema siendi. Dobrila akasihi: twende, tuonekane, kisha tutabishana tukiwa tunajulikana. Jakica akasema yeye anaenda, hajawahi kuona televisheni kwa ndani.

Jumapili, 1 Desemba

Mafuta yametoka kinuni. Ya kijani, machungu, yanakwaruza koo. Nimempelekea Jakica chupa. Ameniuliza nimekosa nini mpaka naleta zawadi.

Jumamosi, 14 Desemba

Sijui nicheke au nijifiche, ila hapa naandika huku nikicheka.

Tulifika studio tukiwa tumevaa sketi nyeusi na mashali mekundu. Msichana mwenye vifaa vya masikioni akatuambia tusimame mbalimbali, kamera ipate nyuso. Sisi husimama tumeshikana mabega. Akatutenganisha mmoja mmoja, akaweka alama za karatasi sakafuni. Kisha akasema:

"Akina mama, hamtaimba. Wimbo utapigwa, nyinyi mtafuatisha midomo tu."

"Maikrofoni hizi je?" Dobrila akauliza.

"Za mapambo."

Matangazo ni ya moja kwa moja, ukumbini wamekaa wazee kama hamsini walioletwa kwa basi kupiga makofi. Taa zikawaka. Tukasubiri wimbo uanze. Sasa wewe daftari fikiria: tunasubiri kwa kusikiliza pumzi, na pumzi imesafishwa. Ukumbini kimya, kimya, halafu ghafla sauti zetu zinatoka ukutani zikiwa tayari katikati ya neno la kwanza, na sisi midomo imefungwa. Dobrila akafungua wake amechelewa. Mimi nikaukimbilia wimbo nikaupita. Wale wa sauti ya tatu wakafungua midomo mahali ambapo wimbo umenyamaza. Mstari wa pili tukakusanya nguvu, tukasubiri, na ukatukimbia tena. Mzee mmoja kwenye safu ya mbele akaanza kucheka mabega yakimruka. Nikajisikia aibu, na nyuma ya aibu hasira, hasira tamu ya kuchemka polepole.

Kisha Jakica akaondoka kwenye karatasi yake. Alitembea tu, mbele ya kamera, akaja kando yangu akanishika bega. Upande wa pili Dobrila akasogea. Tukafunga nusu duara letu, na Jakica, aliyeambiwa na daktari asiilazimishe koo, akavuta pumzi ambayo nadhani ilisikika mpaka bandarini.

Tukaimba. Tukaimba juu ya wimbo wetu wenyewe, kwa kasi yetu, na zile beti mbili zilizokatwa tukazirudisha. Kwa muda kulikuwa na klapa mbili ukumbini zikigombana, kisha ile ya ukutani ikafika mwisho wake wa dakika tatu ikanyamaza, sisi tukabaki. Wale wazee waliacha kucheka. Mmoja akaimba sauti ya chini pamoja na Jakica kutoka alipokaa, na aliijua. Msichana wa vifaa alitupungia tuache. Dobrila, mwalimu Dobrila ambaye havuki barabara pasipo na alama, akampungia naye, kama anayesalimia.

Tulipofika kisiwani Špiro alikuwa gatini akijishika mbavu. Maikrofoni zilikuwa za mapambo kweli, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyetusikia. Kwanza waliona midomo ikienda kombo na sauti, halafu sauti ikakatika, na nchi nzima ikatazama wanawake wanane wakifungua midomo kimya kama samaki kwenye ndoo mpaka wakaweka tangazo la sabuni.

"Lakini," Špiro akasema, "ilionekana mnaimba vizuri."

Jumanne, 17 Desemba

Video yetu inazunguka kwenye simu za watu. Mteja wangu kanionyesha mimi mwenyewe nikiwa nimesimama naye mbele ya kioo. Kampuni imepiga: tuombe radhi, tutie saini kabla ya Krismasi, la sivyo rekodi inafungiwa kabatini.

Tulikutana saluni. Dobrila, rangi imemtoka, akasema tusaini.

"Januari ile pale," akasema. "Jakica akipasuliwa, tutabaki na nini? Afadhali albamu mbovu kuliko hakuna. Angalau yumo."

"Hayumo," nikamwambia. "Tumetafuta sote, hayumo. Unataka kuweka nini, jina lake kwenye karatasi ya jalada?"

"Tonka, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuupenda wimbo huo."

"Niliupenda nikiwa nakausha nywele za watu. Sikuwa nasikiliza."

Tukafokeana, maneno mengine siyaandiki. Jakica alikuwa kwenye kiti cha wateja akijizungusha taratibu kwa mguu. Tulipochoka akasema:

"Mimi sisaini. Nyinyi fanyeni mtakavyo na saini zenu saba. Maisha yangu yote nimeambiwa nipunguze sauti. Marehemu mume wangu aliniambia, padri wa zamani aliniambia, na huyu," akanielekeza kidevu mimi, "macho yake huniambia kila Jumanne. Sasa mashine nayo. Kama sauti yangu inaondoka, itaondoka ikiwa nzima."

Nilimshika mkono, akaniachia nimshike kidogo, akaurudisha mfukoni. Dobrila akalia, kisha akaipigia kampuni mwenyewe, mbele yetu, akawaambia hapana. Aliisema mara mbili, kwa sauti ile anayowaambia watoto wasikimbie kwenye ngazi.

Jumanne, 24 Desemba

Chewa mkavu kwa viazi, kama kila mkesha. Roko amepiga simu kunitakia Krismasi. Nikamuuliza anataka nini. Akasema amesikiliza rekodi ya mwanzo, ile kabla hajaigusa, kwenye spika kubwa za rafiki yake, toka wimbo wa kwanza hadi wa tisa bila kusimama. Hajasikiliza kitu hivyo tangu awe mtoto.

"Sasa?" nikasema.

"Shangazi Tonka, ni nzuri. Lakini ni mali ya kampuni, siwezi kuitoa nje. Ila nina maikrofoni mbili zangu mwenyewe."

Nikamwambia asinitanie siku kama hii. Akasema hatanii, atakuja baada ya sikukuu ya Mamajusi. Sijui nimwamini. Nimemwekea fritule, maandazi yetu madogo ya Krismasi, kwenye mfuko, tuone kama atakuja kuzila.

Jumatano, 8 Januari

Jugo. Feri hakuna. Fritule zimekuwa mawe.

Alhamisi, 9 Januari

Jugo. Jakica anaondoka Jumanne kwenda kulazwa, hali ya hewa ikiruhusu. Sauti yake imeanza kukatika akiongea, basi haongei, anaiweka akiba. Nimekwenda kumkamulia mbuzi. Mmoja amenipiga teke, Jakica akacheka bila sauti mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 10 Januari

Jugo. Kila asubuhi nasimama gatini na kuitukana bahari. Wavuvi wameanza kunipa heshima.

Jumamosi, 11 Januari

Feri imekuja. Roko alishuka wa mwisho, uso wa kijani, sanduku kifuani. Alikuwa ametapika njia nzima. Tukampa chai, tukampa nusu saa ya kuwa binadamu, tukaenda kanisani.

Upepo haukuwa umekwisha. Dirisha la upande wa bahari lilikuwa linagonga, na don Kuzma akaliziba kwa mto wa kupigia magoti, likaendelea kugonga polepole. Roko akaliangalia.

"Litasikika," akasema.

"Lisikike," Dobrila akajibu. "Lipo humu kila tunapoimba."

Akapanga maikrofoni zake mbili mbele ya nusu duara, na kazi yake ikaishia hapo. Hakuna aliyetenganishwa. Kabla hatujaanza Jakica alisema maneno yake pekee ya siku hiyo:

"Nina mara moja tu. Msisimame, hata nikianguka."

Kisha akavuta pumzi.

Tuliimba kuanzia kuchuma mpaka kufunga kinu. Kila wimbo ulipoishia Dobrila aliishika sauti na kuibeba, na tulizidi kushuka kidogo kidogo, kama tunavyoshuka siku zote, mpaka nyimbo za mwisho zikawa chini kabisa, mahali ambapo Jakica yuko nyumbani kwake. Wimbo wa tano alichelewa. Kikohozi kilimpanda, nikakisikia kikimpanda, mkono wake ukanibana bega mpaka sasa nina alama. Tukamsubiri. Hatukuhesabu, tulimsubiri tu, kanisa lote likingoja na dirisha likigonga, mpaka akapata hewa na akatuingiza. Sauti iliyotoka haikuwa safi. Ilikuwa na mikwaruzo na ilikuwa pana kuliko nilivyowahi kuisikia, na niliimba juu yake nikilia bila kuharibu noti hata moja, jambo ambalo najivunia.

Tulipomaliza Roko akasubiri, akauliza kwa woga kama tunaweza kurudia wimbo wa tano peke yake, atabandika pale penye kikohozi, hakuna atakayejua.

Jakica alitikisa kichwa. Akaokota shali lake akatoka nje kwenye upepo. Hakuwa na kilichobaki.

Jumanne, 14 Januari

Jakica ameondoka na feri ya asubuhi. Mbuzi nimeachiwa mimi.

Jumamosi, 25 Januari

Kampuni imemfukuza Roko. Anasema alikuwa anaondoka hata hivyo; simwamini, lakini nimempenda kwa kusema hivyo. Ameiweka albamu mtandaoni. Alitaka kuigawa nyimbo tisa, kila moja na jina lake, ndivyo mitandao inavyotaka. Dobrila akakataa. Safari hii alikuwa mkali kunizidi.

"Weka kitu kimoja," akamwambia. "Kuanzia pumzi ya kwanza."

"Shangazi, ni kama dakika arobaini. Hakuna redio itakayoipiga. Mashindano ya kiangazi wanataka wimbo mmoja wa dakika tatu."

"Basi kiangazi tutaenda kuogelea."

Wamesikiliza watu mia mbili na kitu. Nusu yao ni kisiwa hiki, na Špiro peke yake amesikiliza mara kadhaa. Mwanamume mmoja kutoka Trieste, Italia, ameandika kwamba aliegesha gari pembeni mpaka ilipoisha. Nimeisoma saluni kwa sauti, wateja wakataka kujua kama ameoa.

Jumatatu, 3 Februari

Mtakatifu Blaž, siku ya kubarikiwa koo. Jakica amerudi. Alipanga foleni na sisi wengine, don Kuzma akamwekea mishumaa miwili chini ya kidevu, juu ya bandeji, akaombea kwa muda mrefu kuliko alivyomwombea mtu yeyote. Jakica akamtazama kwa jicho la kumwambia inatosha. Daktari amemkataza kutoa sauti yoyote mpaka Machi, hata kunong'ona. Baada ya hapo ndipo watajua.

Jumamosi, 8 Februari

Jakica alikuwa bado hajaisikia albamu. Leo Špiro amezipakia spika zake kwenye toroli, akazifunika blanketi, akazisukuma mpaka kwa Jakica huku akifukuza watoto. Roko alikuja na feri ya mchana. Tulijibana jikoni, sote wanane na wanaume wawili, samaki wako juu ya jiko wanaiva polepole, na Špiro hakuhitaji kusema sheria.

Niliketi mbele ya Jakica kwa makusudi, nimwone. Pumzi yake ya kwanza ilipotoka kwenye zile mbao, alishtuka akaangalia nyuma yake. Kisha akatulia. Alisikiliza mikono imelala mezani, kijiko mkononi, bila kumtazama mtu. Dirisha la kanisa likagonga, akatabasamu. Wimbo wa tano ulipokaribia Roko aliacha kuhema. Kikohozi kikapita. Kile kimya cha kumsubiri kikapita, kirefu kuliko nilivyokikumbuka. Ikatoka ile sauti. Jakica akafunga macho na hakuyafungua mpaka kinu kilipofungwa.

Samaki walianza kunukia kuungua, nikawaacha.

Roko ndiye aliyeshindwa na kimya. "Shangazi," akasema taratibu, "kama unataka kukisikia tena kile kipande cha wimbo wa tano, au kama unaona tukiondoe, naweza kwenda moja kwa moja pale." Akanyoosha kidole kwenye simu.

Jakica akampiga kijiko kwenye mkono. Si kidogo. Halafu akafungua mdomo.

"Toka mwanzo," akasema.

Ilikuwa sauti nyembamba, kavu, ya mtu nisiyemjua. Nilifahamu hapohapo kwamba ile ya chini haitarudi, na niliona kwenye uso wake kwamba naye amefahamu, wala hakuhitaji Machi. Dobrila akaanza kumfokea huku machozi yanamtoka, daktari amekataza, amekuwa mtoto, na Jakica akamnyooshea kijiko anyamaze, akakigeuza kwa Roko, akangoja.

Roko akarudisha mwanzo. Tukakaa tukasikiliza yote, na feri ya mwisho ikaondoka bila yeye.